Injini ya turbo 'inapumua': Chupa ya oili ni dawa au inaficha ugonjwa?

Barabara ya Morogoro, kipande cha Kimara hadi Kibaha chenye urefu wa kilomita 19.2, kinapita Kibamba na sasa kina njia nane. Kwa wenye Subaru Forester na Impreza za turbo, hapo ndipo mguu unapokanyaga baada ya foleni ya mjini.

Hapo pia ndipo gari iliyoongezwa nguvu inapotoa siri zake: moshi wa bluu nyuma, harufu ya oili ndani, na kijiti cha kupimia oili kimechomoka chenyewe.

Mafundi husema injini "inapumua". Dawa ya haraka ni kufunga chupa ya kukusanya oili, au kuuacha mpira uning'inie chini ya gari. Je, tatizo linaisha?

Presha inatoka wapi

Hakuna injini isiyopumua kabisa. Petroli inapowaka kwenye silinda, gesi kidogo hupenya kwenye ringi za pistoni na kushuka kwenye sampo. Lazima itoke.

Zamani ilitupwa hewani tu. Magari mapya ya California, kuanzia modeli za 1961, yakaanza kufungwa valvu ya PCV inayoirudisha gesi hiyo kwenye injini iungue, ili kupunguza uchafuzi wa hewa.

Kwenye turbo mambo yanabadilika. Valvu hiyo inategemea injini kuvuta hewa. Turbo ikianza kusukuma, upande ule unakuwa na presha na valvu inajifunga. Gesi inabaki na njia moja: mpira unaokwenda kwenye mdomo wa turbo.

Ukiongeza busti kwa kurekebisha kompyuta ya gari, gesi inaongezeka lakini mipira ni ile ile ya kiwandani.

Turbo inasingiziwa

Presha ikikosa pa kutokea, inasukuma sili na oili inaanza kuvuja.

Kuna jambo jingine wengi hawalijui. Oili ya turbo hurudi kwenye sampo kwa kuteremka yenyewe, haisukumwi na pampu. Sampo likijaa presha, oili inakwama juu, inapenya ndani ya turbo na kuungua.

Hapo ni rahisi mteja kuambiwa turbo imekufa. Ananunua nyingine, na moshi unarudi vilevile.

Chupa inasaidia nini

Mvuke wa oili ukiingia kwenye silinda, petroli inapoteza uwezo wa kuhimili presha na joto. Injini inaanza kugonga, na kwenye busti kubwa pistoni inaweza kuvunjika. Chupa nzuri yenye wavu ndani inanasa oili kabla haijafika huko.

Ila si kila chupa inafanya kazi hiyo. Ile iliyo tupu ndani inapitisha mvuke moja kwa moja. Yenye mipira myembamba inabana gesi na kuongeza presha badala ya kuipunguza. Isiyomwagwa inajaa, na oili inarudi kwenye injini.

Kuachia gesi nje ni rahisi zaidi, lakini harufu inaingia ndani ya gari na hewa inachafuka. Mpira ukidondosha oili juu ya turbo ya moto, gari inaweza kuwaka.

Umri wa gari ndio kiini

Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8. Tanzania inaruhusu, ila inatoza ushuru wa ziada kwa gari kuukuu. Ndiyo maana Forester za turbo za miaka ya 2000 bado zinauzwa na kununuliwa Dar.

Gari ya umri huo inaweza kuwa na ringi zilizochoka hata kabla ya kuguswa. Kuiongezea busti ni kuongeza presha kwenye injini inayopumua tayari.

Kwa hiyo mpangilio una maana: kwanza pima kompresheni ya silinda zote, pili badilisha valvu ya PCV na mipira iliyopasuka, tatu ndipo ufunge chupa, na busti ije mwisho.

Chupa ikijaa kila baada ya siku chache, hiyo ni taarifa kwamba ringi zimechoka. Kuimwaga na kuendelea kukanyaga ni kuahirisha tu gharama ya kufungua injini nzima.