Gitaa Letu Ni Jembamba: Tununue Busta, Tusinunue Kelele

Bunge letu la wanafunzi linakaribia kujadili bajeti ya Wizara ya Michezo na Burudani, na humo kuna vifungu viwili kuhusu muziki. Kimoja kinaomba amplifaya mpya ya gitaa ya wati 100, kwa sababu ile ya wati 50 tuliyonayo eti haisikiki. Cha pili kimeletwa na wasiotaka cha kwanza kipite: bendi ya chuo ipumzishwe, na usiku wa kuwapokea mwaka wa kwanza apewe didijei peke yake. Mimi ndiye napiga solo kwenye hiyo bendi, kwa hiyo maslahi ninayo na nayatangaza mapema. Lakini hela ni ya wote, na vifungu vyote viwili navipinga.

Tuanze na hilo neno "halisikiki". Kila anayelalamika analitumia. Ukimfuata fundi mitambo nyuma ya mikisa yake atakwambia kitu kingine kabisa: gitaa linasikika, ila ni jembamba. Mazoezini, likiwa peke yake, linapendeza. Drams zikianza, besi ikaingia, kinanda kikatandaza mkeka wake, gitaa linabaki juu juu linakwaruza kama mtu anayekuna ukoko wa sufuria. Kwa hiyo mpigaji anaongeza sauti. Mwimbaji hajisikii, naye anaomba aongezwe. Besi anaona anazidiwa, anaongeza. Kufika wimbo wa tano ukumbi mzima unauma masikio, na gitaa bado ni jembamba vilevile.

Sasa njoo kwenye hesabu, maana wengine humu mnasoma fizikia na mnaweza kunisahihisha. Kutoka wati 50 kwenda wati 100 ni kuongeza desibeli 3 tu. Sikio la kawaida linahitaji karibu desibeli 10 ili lione sauti imekuwa kubwa mara mbili, na desibeli 10 ni nguvu mara kumi. Yaani ili gitaa letu lisikike mara mbili ya sasa, tungehitaji wati 500! Hiyo amplifaya inayoombwa itabadilisha kitu kidogo sana, na kidogo chenyewe kitakuwa kelele. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 liliweka wastani wa desibeli 100 kuwa kikomo kwenye kumbi za burudani. Hatuna sababu ya kutumia ada za wanafunzi kukikimbilia kikomo hicho.

Unene wa sauti ni habari nyingine. Uzi mnene wa gitaa ukiachwa wazi unatetemeka kwa takriban hezi 82. Chini huko tayari kuna besi na ngoma kubwa ya drams, wamejaa. Gitaa likijaza chini linagombana nao, na likibaki juu kabisa linagombana na matoazi. Nafasi yake ni katikati, karibu na mahali inapokaa sauti ya binadamu. Gitaa linaloitwa nene ni lile lililojaa hapo katikati, na ambalo noti yake haifi mara tu baada ya kuguswa.

Busta inafanya kazi hapo. Ni kiboksi cha kukanyaga kwa mguu, kinakaa kati ya gitaa na amplifaya, mara nyingi kina kitufe kimoja cha kuzungusha na kinaendeshwa na betri ya volti 9. Mawimbi yanayotoka kwenye pikapu ya gitaa (sio ile ya kubebea mkaa) ni dhaifu mno, na kebo ikiwa ndefu yanapoteza makali njiani. Busta inayapa nguvu kabla hayajafika kwenye amplifaya. Kama amplifaya ni ya vali, mlango wake wa kwanza unazidiwa, vilele vya mawimbi vinabonyea taratibu, na noti inazaa noti nyingine ndogo ndogo juu yake. Sauti haikui sana. Inajaa. Ukipiga noti moja inakaa, hata ukiwa umehamia nyingine sikio bado linaikumbuka.

Historia yake inafundisha. Katikati ya miaka ya 1960 kampuni ya Dallas ya Uingereza ilitoa Rangemaster, kiboksi cha kuwekwa juu ya amplifaya, ndani yake transista moja tu ya jemani. Brian May wa Queen alikitumia akakisukumia kwenye amplifaya ya Vox AC30, ya wati 30. Thelathini! Tony Iommi wa Black Sabbath naye alikuwa nacho, kimefanyiwa ufundi kidogo, na sauti yake ndiyo wapenzi wa roki wanaitaja hadi leo wakitaka mfano wa gitaa zito. Ajabu ni kwamba Rangemaster haikuongeza besi hata chembe. Ilipandisha sauti za juu na kuziacha za chini nyuma. Kwa nini basi ilinenepesha? Kwa sababu besi nyingi ikiingia kwenye amplifaya iliyozidiwa inageuka tope. Ukiipunguza kabla, katikati panapata nafasi ya kujaa bila kuchafuka. Ndiyo maana wenzangu wanaozungusha kitufe cha besi hadi mwisho wakitafuta unene wanazidi kupotea.

Lazima nieleze ugumu uliopo, nisije nikauza mbuzi kwenye gunia. Amplifaya ya bendi yetu ni ya transista, sio ya vali. Ya transista ikizidiwa haibonyei taratibu. Inakata mawimbi ghafla, na sauti inakuwa kama redio yenye spika iliyopasuka. Kwa hiyo busta safi kabisa mbele yake haitatosha. Tunachohitaji ni aina ya Tube Screamer, ambayo Ibanez waliitoa mwishoni mwa miaka ya 1970. Hiyo inapunguza besi, inanyanyua katikati, na inabonyeza vilele vya mawimbi humo humo ndani yake kabla amplifaya haijaguswa. Stevie Ray Vaughan wa Texas aliitumia sana. Kinachotakiwa ni kuweka ukwaruzaji chini na kiwango juu, ikanyagwe wakati wa solo, iachwe wakati wa kusindikiza mwimbaji. Ziko za kampuni nyingine zilizofuata ramani hiyo hiyo kwa bei nafuu, na hata ile ya bei ghali haifiki bei ya amplifaya ya wati 100.

Mpangilio nao una maana. Ukiwa na pedali ya ukwaruzaji, busta ikikaa mbele yake sauti inanenepa bila kupanda sana. Ikikaa nyuma yake, sauti inapanda bila kunenepa. Kiboksi kile kile, kazi mbili tofauti. Nimeona watu wakiipanga kinyume halafu wanasema busta ni utapeli.

Najua wapo watakaosema wazee wetu hawakuhitaji vitu hivi. Hoja hiyo naiheshimu, maana muziki wa dansi ndio ulionifikisha kwenye gitaa. Lakini tusikilize vizuri. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964 na ambayo leo ni Msondo Ngoma, haikuwa na gitaa moja. Wala Mlimani Park. Kulikuwa na solo, kulikuwa na ridhimu, kulikuwa na besi, mara nyingi na gitaa jingine la kuunganisha katikati, na nyuma yao tarumbeta na saksafoni. Unene wao ulisukwa na watu, kila mmoja na uzi wake, kama ukili. Bendi yetu ina gitaa moja, kwa sababu wengine wamemaliza chuo na wengine wanakimbizana na risechi zao. Mtu mmoja akiachiwa nafasi ya watatu, asaidiwe. Siku tukipata wapigaji watatu wa gitaa nitakuwa wa kwanza kuizima hiyo pedali.

Wengine watasema sauti iko kwenye vidole. Kweli, na pedali haimfundishi mtu kupiga. Nimeshuhudia pedali nane zimepangwa chini kama sabuni dukani, na aliyezikanyaga hajui wimbo uko ufunguo gani. Ila hoja ya vidole haijibu swali la ukumbi. Vidole vizuri vikifichwa na matoazi, mwanafunzi aliyekaa nyuma anapata nini?

Kuhusu didijei sina ugomvi naye, apige baada yetu hadi alfajiri. Lakini bendi ya chuo ni mahali pekee hapa ambapo mwanafunzi wa sheria na wa kilimo wanakaa chumba kimoja kila Alhamisi jioni wakilazimika kusikilizana, kwa maana halisi ya neno. Fresha anayekuja na gitaa lake begani akikuta imefungwa, hatalitoa tena chini ya kitanda. Kuifunga kwa sababu gitaa ni jembamba ni sawa na kufunga kantini kwa sababu chumvi imepungua.

Kwa hiyo naomba waheshimiwa wabunge wafanye hivi. Kifungu cha amplifaya kifutwe. Badala yake itengwe hela ya pedali moja ya aina niliyoitaja, kebo mbili fupi zenye ubora, na kifaa cha umeme cha volti 9 ili tusiwe tunanunua betri kila onyesho. Halafu tuwashirikishe wenzetu wa uhandisi. Busta ya LPB-1, ambayo Electro-Harmonix wa New York waliitoa mwishoni mwa miaka ya 1960, ina transista moja, rezista chache na kapasita mbili. Vifaa vya namna hiyo vinapatikana kwenye maduka ya elektroniki pale Kariakoo, na mwanafunzi wa mwaka wa pili mwenye kichomeo cha risasi anaweza kuiunganisha Jumamosi moja. Tukifika mahali pa kuwa na amplifaya ya vali, tutakuwa na busta yetu wenyewe tayari.

Mkutano wa bajeti uko wazi kwa kila mwanafunzi. Anayepinga aje na masikio yake. Mimi nitakuja na gitaa, pedali ya kuazima na hiyo hiyo amplifaya ya wati 50.