KAMERA NYUMBANI: Picha ya Mama Imekataa Kukuzwa



Wiki hii tumepata barua ambayo hatukuweza kuijibu kwa mstari mmoja. Aliyeiandika ni askari mzaliwa wa Kudhaa, katika pwani ya Wabajuni kusini ya Kismayu, naye ni mpenzi mkubwa wa kupiga picha. Anaeleza kwamba alipokuwa likizoni alimpiga mama yake picha kwa simu, barazani, akiwa ameketi juu ya mkeka anasuka ukili. Picha hiyo akawatumia ndugu zake walioko Mombasa, kisha akaifuta katika simu yake ili apate nafasi. Miezi michache baadaye mama akafariki dunia.

Sasa jamaa wote wanataka picha ile ikuzwe na kutundikwa ukutani. Fundi ameirudisha mara mbili, kwani kila anapoikuza uso wa marehemu hugeuka viraka viraka. Ndugu yetu anauliza: kama angalikuwa na kamera kubwa yenye lenzi ya bei ghali, je, msiba huu wa pili ungalimfika?

Kwanza tunakupa pole, ndugu yetu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mama. Pili, jibu letu ni kwamba lenzi haina hatia. Kilichopotea ni asili ya picha.

Asili ni kitu gani?

Zamani asili ya picha ilikuwa negativu. Karatasi ikichakaa au ikiungua, mwenye negativu alikwenda kwa fundi akasafishiwa nyingine. Capital Art Studio ya Unguja, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ilijulikana kwa hazina yake ya picha na negativu, na kwa hazina hiyo sura za watu na mitaa ya miaka mingi zimesalia.

Siku hizi asili ni faili. Tuchukue mfano wa simu ipigayo picha yenye nukta 4,000 kwa 3,000, yaani nukta milioni 12. Ikisafishwa kwa ubora wa nukta 300 katika kila inchi, hutoa karatasi ya sentimita 34 kwa 25, nayo yatosha kabisa kwa ukuta wa sebule. Lakini programu za kutumiana ujumbe aghalabu huipunguza picha ili isafiri upesi. Ikipunguzwa ikawa nukta 1,600 kwa 1,200, kwa ubora ule ule itatoa karatasi ya sentimita 13 na nusu kwa 10 tu. Ukiilazimisha kuwa kubwa zaidi, mashine haina budi kubuni nukta ambazo hazimo. Viraka anavyoviona fundi vimetokana na upungufu huo.

Kwa hiyo unapompelekea ndugu picha ya thamani, itume kama hati, wala si kama picha ya kawaida, ili ifike bila kupunguzwa. Na usifute ya kwako mpaka uwe na nakala mbili nyingine mahali pengine.

Aina za faili

Wapenzi wa kamera wakikutana hawaishi kubishana juu ya aina za faili. Tuzieleze kwa ufupi.

JPEG, ambayo kanuni zake zilitolewa mwaka 1992, ndiyo inayosomwa na karibu kila chombo. Hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa habari ambazo jicho halizitambui upesi. Kila rangi ya msingi huwa na ngazi 256 za mwanga. Ubaya wake ni kwamba kila unapoifungua, ukaibadilisha na kuihifadhi upya, hutupa kidogo tena. Basi faili ya kwanza usiiguse. Ibadilishe nakala yake.

RAW ni habari zote za mwanga kama zilivyopokewa na kamera, kabla hazijapikwa. Ikiwa ya biti 12 huwa na ngazi 4,096, na ikiwa ya biti 14, ngazi 16,384. Ndiyo maana uso uliofunikwa na kivuli huweza kuangazwa baadaye. Lakini faili yake ni kubwa, na viwanda vingi vina RAW zao. Kwa harusi, maziko, au picha ya mzazi mzee, iamuru kamera itunze RAW pamoja na JPEG.

HEIC hutumiwa na simu za Apple tangu mwaka 2017. Huchukua nafasi ndogo kuliko JPEG, ila baadhi ya vyombo vya zamani havijui kuisoma. Kabla ya kwenda kwa fundi, mtolee nakala ya JPEG.

Na lenzi je?

Hatusemi kwamba lenzi haina kazi. Kwa kamera yenye kipokea mwanga cha milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 50 huonyesha mambo kwa namna iliyo karibu na macho yetu. Ile ya 28 huingiza baraza nzima na watu wake, lakini aliye pembeni huvutika. Kwa uso wa mtu, ya 85 inafaa, kwani humwezesha mpiga picha kusimama mbali kidogo. Pua ya mtu huonekana kubwa kwa sababu umemsogelea mno. Hata mwenye simu anaweza kurudi nyuma hatua mbili.

Katika pwani kama ya Kudhaa adui mkubwa ni mwanga wenyewe. Kipimo cha kamera hudhani kwamba kila kitu kina mwanga wa wastani. Kikiona mchanga mweupe na bahari inayometa, hupunguza mwanga, na nyuso zetu zikatoka kama makaa. Dawa yake ni kupima mwanga usoni mwa mtu, au kuongeza mwanga kwa ngazi moja au mbili. Lililo bora zaidi ni kumweka kivulini, uso umeelekea mahali palipo wazi. Ndugu yetu alifanya vema kumpiga mama barazani.

Adui wa pili ni chumvi na mchanga. Siku za kusi kali usibadilishe lenzi nje. Ukitoka pwani, puliza mchanga kwanza kwa kipulizo cha mpira, ndipo ufute lenzi kwa kitambaa laini. Ukianza kwa kufuta, mchanga utaikwaruza. Ndani ya mashua, kamera ikae katika mfuko usiopitisha maji.

Neno kwa askari

Faili ya picha hubeba maneno yasiyoonekana: tarehe, saa, aina ya kamera, na mara nyingi mahali hasa ilipopigwa. Picha ya furaha uliyopigwa kambini na kuipeleka nyumbani yaweza kumwonyesha adui mlipo. Zima kitambulisho cha mahali katika kamera ya simu, usipige picha za silaha wala vituo vya ulinzi, na ufuate amri za kikosi chako. Na raia wa kijijini naye ana haki ya kuombwa ruhusa kabla ya kupigwa picha.

Kwa nini tunasisitiza

Mwaka 1955 mtaalamu wa Kiitalia, Vinigi Grottanelli, alichapisha mjini Roma kitabu juu ya maisha ya Wabajuni, wavuvi wa Bahari ya Hindi. Ulaya walikuwa na kumbukumbu za watu hawa zilizotunzwa vitabuni. Lakini dola ya Somalia ilipoporomoka mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbilia Kenya, na kwa miaka kadhaa wakaishi katika makambi ya wakimbizi karibu na Mombasa. Mtu anayekimbia kwa chombo cha baharini hubeba mtoto kabla ya albamu. Zipo jamaa ambazo mjukuu hawezi kuonyeshwa sura ya bibi yake. Faili moja inaweza kukaa nyumba tatu kwa wakati mmoja; tusipoitumia nafasi hiyo tutakuwa tumejitakia wenyewe.

Fanya haya sasa

Ndugu yetu wa Kudhaa, usikate tamaa. Kwanza, tazama hifadhi ya mtandaoni ya simu yako, kwani simu nyingi hupeleka huko picha zenyewe bila mwenyewe kukumbuka. Pili, ikiwa picha ilikuwa katika kadi ya kumbukumbu, itoe kadi hiyo leo na usipige tena picha nyingine juu yake. Faili iliyofutwa huweza kubaki mpaka nafasi yake iandikwe upya, na fundi mwenye programu ya kufufua faili anaweza kuipata. Tatu, waulize dada zako na majirani. Huenda siku ile mwingine naye alipiga.

Ikiwa yote hayo yatashindikana, chukua ile ndogo uliyo nayo, uisafishe kwa ukubwa wake wa kweli, sentimita 13 na nusu kwa 10, uitie katika fremu pana yenye karatasi nyeupe pembeni. Uso wa mama utaonekana safi. Picha ndogo iliyo wazi yampa mtoto sura ya bibi yake kuliko kubwa isiyotambulikana.

Nanyi wasomaji wengine, kabla hamjalala leo, ichagueni picha moja ya mzazi wenu, mtoe nakala mbili za faili yake, na ya tatu muisafishe katika karatasi. Nyuma ya karatasi andikeni kwa penseli jina, mahali na mwaka. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wasalaam, mpaka wiki ijayo.