Sheria ya ukatili kwa wanyama isiwabague punda na mbwa

KENYA hujivunia wanyamapori wake kote ulimwenguni, lakini sheria zake huwatazama wanyama kwa macho mawili tofauti.

Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ilipoanza kutumika Januari 2014, iliweka faini isiyopungua Sh20 milioni au kifungo cha maisha kwa makosa yanayohusu wanyama walio katika hatari ya kuangamia. Kwa upande mwingine, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, iliyotungwa mwaka wa 1962, humtoza anayemtesa mnyama faini isiyozidi Sh3,000, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Kiasi hicho leo hakitoshi kununua hata mbuzi.

Ndiposa mapendekezo ya kutunga sheria mpya ya ustawi wa wanyama, ambayo yamejadiliwa kwa miaka kadhaa sasa, yanafaa kuharakishwa.

Masaibu ya punda ni funzo tosha. Baada ya vichinjio vya punda kufunguliwa nchini, visa vya wizi viliongezeka kwa sababu ya soko la ngozi nchini China. Punda walipungua kutoka takriban milioni 1.8 katika sensa ya 2009 hadi milioni 1.2 katika ile ya 2019. Waziri wa Kilimo wakati huo, Bw Peter Munya, alipiga marufuku uchinjaji huo Februari 2020, ila mahakama ikabatilisha agizo lake mwaka wa 2021. Afueni ilitoka nje, Muungano wa Afrika ulipopinga biashara hiyo ya ngozi Februari 2024. Agizo la waziri lisilo na sheria thabiti nyuma yake halidumu.

Hata hivyo, adhabu kali pekee haitoshi. Mnamo Mei 2023, simba 10 waliuawa kwa siku chache katika eneo la Amboseli, kaunti ya Kajiado, baadhi yao baada ya kuvamia mifugo. Sheria kali ya 2013 ilikuwepo. Mfugaji anayesubiri fidia kwa miaka mingi bila kulipwa hutwaa mkuki, faini iwe kubwa namna gani.

Isitoshe, Katiba ya 2010 iliipa serikali kuu jukumu la kuwalinda wanyama na wanyamapori, huku ustawi wa wanyama ukiachiwa kaunti. Sheria mpya ibainishe wazi ni afisa yupi atakayemkamata mwenye mkokoteni anayemcharaza punda aliyejaa vidonda, na ni bajeti ipi itakayomlipa.

Wabunge wakitunga adhabu bila kutenga fedha za fidia na za maafisa, watakuwa wametwanga maji kwenye kinu.

Wahenga walinena kwamba asante ya punda ni mateke. Katika suala hili, aliyebebewa maji na kuni miaka yote hiyo, kisha akalipa kwa mateke, ni binadamu.