Milima ya Alps Haivukwi kwa Kuhesabu Kilomita

Kutoka Munich hadi Milan, kwa njia ya Bregenz, Chur na handaki la San Bernardino, ni kilomita zinazokaribia 500. Anayeitazama ramani ya simu huona mstari wa buluu na saa tano na ushei, kisha hutamka kauli iliyokwisha kuwa kama sala kwa wasafiri wa magari, wakiwemo Waafrika Mashariki wanaoishi Ujerumani na Italia na jamaa zao wanaowatembelea wakati wa kiangazi: Ulaya siku hizi ni moja, mpaka hakuna, lami ni ile ile, simu itaonyesha njia. Kauli hiyo ni ya uongo katika kila kipande chake, na kila mwaka inawalaza watoto kwenye viti vya nyuma vya magari yaliyokwama.

Kosa la msingi ni kuihesabu milima ya Alps kuwa umbali, ilhali milima hiyo ni ukuta. Ukuta huo umejipinda kwa kilomita zipatazo 1,200, kuanzia karibu na Nice kwenye bahari ya Mediterania hadi Austria na Slovenia, na milango yake mikubwa ya magari inahesabika kwa vidole: Fréjus, Mont Blanc, Grand-Saint-Bernard, Simplon, Gotthard, San Bernardino, Brenner na michache mingine. Swali la kwanza la msafiri lingepaswa kuwa ni mlango upi, na je, siku hiyo utakuwa wazi? Kilomita zinafuata baadaye sana.

Kimo chenyewe si tatizo, na hapa ndipo msafiri kutoka Afrika Mashariki anapodanganyika kwa urahisi. Mlango wa Brenner uko mita 1,370 juu ya usawa wa bahari, chini kuliko jiji la Nairobi. Reli ya zamani ya Uganda ilipita Timboroa, nchini Kenya, kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,700, na mabasi ya Eldoret hukatiza nyanda hizo za juu Januari hadi Desemba. Barabara ya Stelvio nchini Italia, yenye kona kali 48 upande wa kaskazini, iko kwenye kimo kinachokaribiana na hicho, takriban mita 2,757, lakini hufungwa kabisa karibu nusu ya mwaka. Tofauti inaletwa na theluji. Barabara ya juu ya Gotthard, mita 2,106, hufunguliwa mwishoni mwa Mei au mwezi Juni na kufungwa tena majira ya vuli. Ile ya Grossglockner nchini Austria, iliyozinduliwa mwaka 1935, hufunguliwa takriban Mei hadi mwanzoni mwa Novemba, na hata wakati huo geti lake hufungwa usiku. Anayepanga kupita huko sikukuu ya Pasaka hajapanga kitu.

Basi watu husema: yapo mahandaki. Yapo, na kila moja lina historia ambayo mpangaji wa safari hana ruhusa ya kuipuuza. Handaki la Mont Blanc, kati ya Chamonix na Courmayeur, lina urefu wa kilomita 11.6 na lilifunguliwa mwaka 1965. Tarehe 24 Machi 1999 lori lililobeba unga na siagi ya mimea liliwaka moto ndani yake, na watu 39 wakafa. Handaki lilifungwa kwa takriban miaka mitatu. Handaki la barabara la Gotthard, kilomita 16.9, lilifunguliwa Septemba 1980, na tarehe 24 Oktoba 2001 malori mawili yaligongana humo, moto ukaua watu 11. Kwa sababu ya vifo hivyo, dereva ndani ya Mont Blanc anatakiwa kuacha mita 150 kati yake na gari lililo mbele na asizidi kilomita 70 kwa saa. Hizo si sheria za kuwasumbua wageni. Zimeandikwa kwa majivu ya watu.

Gotthard bado ni bomba moja lenye njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Waswisi walikubali kwa kura ya Februari 2016 kuchimba bomba la pili, na kazi inaendelea. Wakati wa Pasaka, Pentekoste na likizo za kiangazi, foleni mlangoni hufika kilomita 10 na kuzidi. Kipimo kinachotumika huko ni dakika 10 kwa kila kilomita ya foleni, maana yake familia hukaa saa moja na dakika 40 mahali pamoja kabla hata ya kuingia gizani. Mwezi Septemba 2023 ufa katika dari ulilifunga handaki hilo kwa siku kadhaa. Juni mwaka uliofuata, mafuriko yaliisomba barabara kuu ya A13 katika bonde la Misox, kusini mwa San Bernardino, na njia ile ile ya Munich hadi Milan ikakatika kwa takriban majuma mawili. Handaki la Mont Blanc nalo lilifungwa kwa matengenezo vuli ya 2023 na tena vuli ya 2024. Mwenye mlango mmoja tu kichwani angefanya nini?

Jibu la wapenda simu ni kwamba simu itampeleka mchepuko. Ndipo upumbavu unapokamilika. Tangu Juni 2019 mkoa wa Tyrol nchini Austria umekuwa ukipiga marufuku magari ya wapitaji kuiacha barabara kuu siku za mwisho wa juma katika majira ya msongamano, kwa sababu simu zilikuwa zikimwaga maelfu ya magari kwenye vijiji ambavyo wakazi wake walishindwa kuvuka njia kwenda kanisani au dukani. Polisi husimama kwenye njia za kutokea na kuwarudisha watu kwenye foleni waliyoikimbia. Wanakijiji wale wana haki. Njia yao haikujengwa iwe kichochoro cha watu waliokataa kufungua kalenda. Na tangu Januari 2025, Daraja la Lueg karibu na mpaka wa Brenner, lililochakaa na linalojengwa upya, limekuwa na njia moja tu kila upande kwa siku nyingi za mwaka.

Wapo wanaojibu kwamba malori hupita kila siku bila maneno mengi. Dereva wa lori ndiye mpangaji kuliko wote. Anajua kwamba Uswisi huzuia malori barabarani kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, na Jumapili kutwa. Anajua siku ambazo Tyrol huyaruhusu malori kwa mafungu pale Kufstein, kwani kalenda yake hutangazwa mapema. Na wapo wanaokwenda mbali zaidi: Hannibal wa Carthage alivuka na tembo mwaka 218 kabla ya Kristo, sembuse gari lenye kiyoyozi? Hannibal alitumia kama siku 15 na akapoteza sehemu kubwa ya jeshi na wanyama wake. Anayemtaja kama mfano wa safari nyepesi hajui alichokitaja.

Kuhusu Ulaya kuwa moja, Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya. Imo katika eneo la Schengen tangu Desemba 2008, lakini forodha yake ipo na hukagua mizigo. Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu tarehe 16 Septemba 2024, na mpaka wake na Austria ulikuwa ukikaguliwa tangu 2015. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya aliyeiacha nyumbani na kubaki na picha yake kwenye simu anaweza kuteremshwa garini mbele ya wanawe. Simu hiyo yenyewe ina kasoro nyingine: sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2017 iliyofuta gharama za ziada za intaneti nje ya nchi haiihusu Uswisi. Anayevuka pale Bregenz akiitegemea ramani hewani huenda akakatiwa intaneti, au akaletewa bili inayomtoa jasho, katikati kabisa ya milima.

Tozo nazo hazifanani. Uswisi huuza stika moja tu, ya mwaka mzima, kwa faranga 40, hata kwa anayepita kwa saa tatu, na asiyekuwa nayo hutozwa faini ya faranga 200 juu ya bei hiyo. Austria huuza stika za siku au miezi, lakini barabara ya Brenner hulipiwa peke yake. Italia na Ufaransa hutoza sehemu kubwa ya barabara zao kuu kwa umbali, na Mont Blanc ni zaidi ya yuro 50 kwa gari dogo, kwenda tu. Kampuni za kukodisha magari huyaacha haya kwenye maandishi madogo ya mkataba, pamoja na nchi ambazo gari haliruhusiwi kuingia, kisha hutoza ada ya kushughulikia faini juu ya faini yenyewe. Huo ni unyonyaji, na wateja wameuzoea kupita kiasi.

Majira ya baridi yanaongeza tairi. Austria huzidai tairi za theluji kati ya 1 Novemba na 15 Aprili barabara inapokuwa na theluji au barafu. Ufaransa imeweka sheria kama hiyo kwa wilaya zake za milimani tangu Novemba 2021. Na katika mteremko wowote, kiangazi au baridi, gia ndogo ndiyo inayolishikilia gari, kama madereva wa Kitonga mkoani Iringa wanavyojua. Harufu ya breki zinazoungua chini ya Stelvio ni ya watu waliofundishwa na simu.

Mpango unaofaa huanza na tarehe, ukaepuka Jumamosi za Julai na Agosti. Hufuata mlango, kisha mlango wa pili iwapo wa kwanza utafungwa, kisha mahali pa kulala upande huu wa mlima ili ukuta uvukwe asubuhi na mapema. Stika, pasipoti na ramani iliyohifadhiwa ndani ya simu huandaliwa kabla ya kuondoka. Kwa anayetoka Bern kwenda Simplon, mlango upo hata theluji ikiwa nzito: magari hupakiwa juu ya treni pale Kandersteg, watu wakiwa wamekaa ndani yake, na baada ya robo saa hivi hushushwa Goppenstein, upande wa pili.