Kiswahili cha Amri na Kiswahili cha Wimbo

Hivi karibuni niliondoka Bwera alfajiri, peke yangu garini, nikielekea Kampala kwa njia ya Kasese na Fort Portal. Safari hiyo ni ya kutwa, na msafiri asiye na mwenzi hana budi kutafuta cha kumchangamsha. Kijana mmoja mwenye duka la simu alikuwa amenijazia nyimbo za zamani. Nilipoipita njia panda ya Kikorongo, karibu na mstari wa Ikweta, ukaanza wimbo "Sina Makosa" wa Les Wanyika.

Ndugu msomaji, wimbo huo niliupenda utotoni katika redio ya marehemu baba, kisha nikausahau. Les Wanyika ilizaliwa Nairobi mwaka 1978, wanamuziki kadhaa walipojitenga na Simba Wanyika, bendi iliyoanzishwa mwaka 1971 na ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Kinyonga. Utotoni nilisikia magitaa tu. Safari hii nilisikia maneno. Mtu anachukiwa bure kwa kosa asilolitenda, naye hatukani wala hatishi. Anauliza, anajieleza, anabaki na heshima yake.

Nilipofika Muhokya niliegesha gari ili injini ipoe, muziki ukiendelea. Kando ya barabara aliketi mzee mmoja na magunia yake ya chokaa. Mimi nilikuwa katika sare. Nikamwuliza kwa Kiswahili, "Mzee, maji yanapatikana wapi hapa?" Akasimama wima, akatia mkono mfukoni, akanitolea kitambulisho.

Sikuwa nimekiomba. Niliona haya, nikageuka ili nizime muziki. Akaniinulia mkono. "Uache, afande." Akaufuata wimbo mpaka mwisho kwa sauti ya chini, pasipo kukosea hata neno. Kisha akasema, "Kiswahili hiki nakipenda. Kile kingine nakiogopa."

Kile kingine nakijua, kwani ndicho nilichofundishwa katika chuo cha maofisa wanafunzi: Simama! Kaa chini! Haraka! Tumekirithi tangu enzi za King's African Rifles, na uwanjani kina kazi yake. Lakini raia anayepita kizuizini si kuruta, wala si adui. Na mimi pia, nilipokuwa luteni kijana, nilimkemea mama mmoja muuza samaki mpaka akaangusha beseni lake. Hakuwa na kosa lolote.

Wako watakaosema kwamba upole ni udhaifu, hasa katika wilaya hii ya mpakani, ambako mwezi Juni 2023 wauaji waliivamia shule ya Lhubiriha kule Mpondwe na kuwaua wanafunzi wengi. Nawajibu kwamba ukaguzi ni lazima, na usilegezwe hata kidogo. Lakini ni nani atakayetuambia kwamba wageni wasiojulikana wamelala shambani kwake? Ni mzee kama yule wa Muhokya. Naye hawezi kumwendea kwa siri mtu ambaye salamu yake tu humfanya atafute kitambulisho.

Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda. Hata hivyo, wananchi wengi waliisikia kwanza kutoka vinywani mwetu, tena wakiwa wameinua mikono. Basi sisi tulioichafua ndio tunaopaswa kuisafisha, na kazi hiyo haihitaji fedha wala waraka. Askari na amsalimu raia kwanza, amweleze sababu ya kumsimamisha, akague kwa makini, kisha amshukuru na kumtakia safari njema.

Mzee yule alinionyesha bomba la maji. Nikamshukuru, nikamwuliza habari za nyumbani, naye akanijibu kwa Kiswahili safi kuliko changu. Kitambulisho alikuwa amekwisha kukirudisha mfukoni.