Korongo Yupi Ametua Uwanjani?

Mwandishi chipukizi wa Matisi aandikapo kwamba korongo ametua katika uwanja wa gofu wa Kitale, huwa ametunga sentensi sahihi kisarufi isiyomfaa sana msomaji. Korongo yupi? Huenda ni korongo mweupe, mgeni wa kutoka Ulaya ambaye huwapo Afrika Mashariki kati ya Novemba na Machi hivi, akifuata panzi nyasini. Huenda pia ni korongo taji, mwenyeji wa vinamasi vya Trans Nzoia, mwenye kishungi cha dhahabu utosini, ambaye tangu mwaka 2012 ameorodheshwa miongoni mwa ndege waliomo hatarini kutoweka duniani. Wa kwanza huashiria kiangazi; wa pili ni shahidi wa vinamasi vinavyokaushwa ili vilimwe. Kiswahili cha darasani huwabebesha wote wawili neno moja, ambalo pia humaanisha bonde lililochimbwa na maji!

Masika yakianza, kumbikumbi huruka kutoka vichuguuni, na hapo lugha haikwami hata kidogo. Kumbikumbi huliwa, na kinacholiwa hakikosi jina. Lakini msimu huohuo, kandokando mwa viwanja ambako nyasi hazijafyekwa, huchipuka ua jekundu la mviringo kama tufe, ambalo hutokeza kwenye kiazi chake mvua za kwanza zinyeshapo. Katika insha za wanafunzi, ua hilo ni "ua jekundu" tu.

Wapo watakaojitetea kwamba Kiswahili ni lugha ya pwani, hivyo kisilaumiwe kwa kutojua maua ya nyanda za juu. Utetezi huo ni dhaifu. Lugha iliyokopa ikulu na bunge kutoka lugha za bara Tanzania haiwezi kushindwa kukopa jina la ndege kutoka Lubukusu au Kisabaoti. Kijana abebaye mifuko ya wachezaji wa gofu huenda anayo majina hayo tayari, hajaulizwa tu.

Vyama vya Kiswahili vyuoni hufunga safari kwenda Lamu na Mombasa kutafuta asili ya lugha, nalo ni jambo jema. Safari moja ya Aprili ielekezwe Kitale. Wanafunzi wabebe madaftari, waanzie uwanjani, wapitie Matisi kwa wazee, wamalizie kinamasi cha Saiwa, ambacho kimekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1974, na kila jina watakaloambiwa waliandike pamoja na mwezi ambao mwenye jina huonekana.