Mbinu za kulinda kanzidata bila kuumiza familia

Saa nane usiku simu inaita. Mama aliyefanikiwa kumlaza mtoto saa sita ananyanyuka taratibu, anakwenda sebuleni na kufungua kompyuta. Ujumbe kutoka kazini unasema mfumo wa malipo umekwama na wateja hawapati huduma. Chumbani mtoto anaanza kulia. Mume anajigeuza na kuuliza, “Mama watoto, ni kazini tena?”

Hali hii inazijua nyumba nyingi ambazo baba au mama ni msimamizi wa kanzidata au mtengenezaji wa programu za kompyuta. Kanzidata ni ghala la taarifa. Unaponunua umeme wa Luku, unapotuma pesa kwa simu au jina la mtoto linapotafutwa kwenye kompyuta ya hospitali, kuna kanzidata inayojibu, na kuna mtu anayeilinda.

Mtu huyo akikosea, hasara huwa kubwa. Na mara nyingi hakosei kwa kutojua kazi, bali kwa kuchoka.

Somo la usiku mmoja

Januari 31, 2017, kampuni ya GitLab, ambayo watengenezaji programu duniani kote huhifadhi kazi zao kwake, ilipata tatizo kwenye kanzidata yake. Mhandisi mmoja alikuwa ameshasema kwamba anamaliza kazi kwa sababu muda ulikuwa umekwenda, kwake ilikuwa karibu saa tano usiku. Tatizo likazuka ghafla, akabaki.

Alikusudia kufuta folda kwenye seva ya akiba. Akaandika amri ya kufuta kwenye seva kuu. Aligundua kosa baada ya sekunde moja au mbili na kuisimamisha, lakini kati ya gigabaiti takriban 300 zilikuwa zimebaki 4.5.

Walipokimbilia nakala rudufu, wakakuta sehemu zilipotakiwa kuwapo hakuna kitu. Programu ya kutengeneza nakala ilikuwa ikishindwa kila siku, na barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa bila mtu kujua.

Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi huyohuyo aliichukua kwa mkono saa sita kabla ya ajali, kwa ajili ya majaribio tu. Hata hivyo, taarifa za saa hizo sita zilipotea, na huduma ilirejea siku iliyofuata. Kampuni ilieleza yote hadharani, na ikaona kasoro kwenye utaratibu wake wa kazi badala ya kumtwisha lawama mtu mmoja.

Kisa hicho kina mafunzo kwa yeyote anayefanya kazi hii huku ana familia.

Jaribu kurejesha nakala

Nakala rudufu ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini tu. Angalau mara moja kwa mwezi, chukua nakala ya karibuni, irejeshe kwenye kompyuta nyingine, kisha angalia kama taarifa zimo na zinasomeka. Pima pia muda uliotumika. Bosi akiuliza mfumo utarudi lini, utakuwa na jibu la kweli.

Kanuni ya zamani bado inafaa: kuwe na nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, na moja iwe mbali na ofisi. Moto ukiwaka au maji yakiingia, visiangamie vyote pamoja.

Usichukulie ukimya kuwa ni usalama. Weka utaratibu wa kupata ujumbe kila siku kwamba nakala imekamilika. Siku usipoupata, uliza.

Uchovu ni kama ulevi

Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hadi 19 anaweza kufanya vibaya kwenye baadhi ya majaribio sawa na mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu, au vibaya zaidi. Mzazi aliyeamka saa 11 alfajiri kuandaa watoto wa shule, hufikisha saa 17 ikiwa saa nne usiku.

Ndiyo maana kazi ya hatari haifai kufanywa wakati huo kama inaweza kusubiri asubuhi. Kama haiwezi kusubiri, zipo kinga ndogo zinazosaidia:

- Andika hatua zote kabla ya kuanza, mwenzako azisome.
- Soma jina la seva kwa sauti kabla ya kubonyeza. Dirisha la seva kuu lipe rangi nyekundu ili usichanganye.
- Badala ya kufuta folda, ibadili jina. Ukithibitisha kesho kwamba haihitajiki, ndipo uifute.
- Kabla ya kuandika DELETE, andika SELECT yenye masharti yaleyale uone ni safu zipi zitaguswa.
- Anza na BEGIN. Idadi ya safu ikikushtua, andika ROLLBACK na hakuna kitakachoharibika.

Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi kwa siku. Aliyeamshwa saa nane usiku akafanya kazi hadi alfajiri, apewe muda wa kulala kesho yake. Omba jambo hilo liwe kwenye taratibu za ofisi, lisitegemee huruma ya bosi.

Macho nayo yana haki yake. Kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho umbali wa mita sita hivi kwa sekunde 20.

Usiwe peke yako mwenye ufunguo

Wapo wanaojivunia kuwa ofisini hakuna mwingine anayeujua mfumo. Sifa hiyo ni mzigo. Maana yake ni kwamba huwezi kuugua, kwenda msibani wala kuhudhuria mahafali ya mtoto bila simu kuita.

Andika unayoyajua, hatua kwa hatua, kwa lugha ambayo mgeni wa mwezi mmoja ataielewa. Kisha pangeni zamu za usiku. Ratiba ya zamu ibandikwe hata kwenye mlango wa friji nyumbani, ili mwenzi wako ajue wiki hii nani ataamka kumhudumia mtoto. Ugomvi mwingi huisha pale mtu anapojua mapema.

Taarifa za wateja zisilale nyumbani

Watengenezaji programu hupenda kuchukua taarifa halisi za wateja wakafanyie majaribio kwenye kompyuta zao. Kompyuta hiyohiyo jioni inatumiwa na watoto kutazama katuni, na siku nyingine inaweza kuibwa kwenye daladala.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Kwa majaribio, tengeneza majina na namba za kubuni. Na programu ipewe ruhusa zile tu inazozihitaji; programu inayosoma orodha haihitaji uwezo wa kufuta.

Kijana wako akitaka kazi hii

Wazazi wengi huuliza ni kozi gani ya kulipia. Kabla ya ada, mwache aanze na vitu vya bure. PostgreSQL na MySQL hupatikana bila malipo na huweza kufanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Msingi wake ni wazo ambalo Edgar Codd wa IBM alilichapisha mwaka 1970, na bado linatumika. Atakachojifunza leo hakitachuja kesho.

Mpe kazi ya kweli. Ageuze kadi ya kliniki ya mdogo wake kuwa kanzidata: jina, tarehe ya kuzaliwa, chanjo aliyopata na tarehe ya kurudi. Kisha aiulize: ni mtoto gani amepitisha tarehe yake?

Akimaliza, achukue nakala rudufu, aifute kanzidata yote, halafu airejeshe. Siku ya usaili akiulizwa kama amewahi kurejesha kanzidata iliyopotea, atasema ndiyo na kueleza alivyofanya.

Kwa mzazi ambaye tayari yumo kazini, pa kuanzia ni wiki hii. Chagua asubuhi moja, ukiwa umelala vizuri, ujaribu kurejesha nakala ya karibuni. Ikigoma, bora uijue kasoro hiyo mchana ukiwa na wenzako kuliko saa nane usiku ukiwa na mtoto mkononi.